Dk. Livingstone: Tumbo lilivyouchosha moyo wa msafiri

KUSINI mwa Ziwa Bangweulu, katika nchi ambayo leo ni Zambia, upo mnara uliojengwa mahali uliposimama zamani mti wa mpundu. Chini ya mti huo ulizikwa moyo wa mtu ambaye karibu kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki amewahi kuulizwa habari zake katika mtihani. Mwili wake uko London. Moyo ulibaki huku kwetu.

Mtu huyo ni Dk. David Livingstone, aliyefariki dunia mwaka 1873. Mimi ni mwalimu hapa Juba, na safari zake nilizikariri nikiwa mkimbizi shuleni Kenya. Tulikariri mwaka, mto na ziwa. Tulipoulizwa kilichomuua, wengi tulijibu malaria na kupewa alama.

Jibu hilo si la uongo, maana malaria ilimtesa miaka mingi. Lakini lililommaliza hasa ni tumbo, pamoja na damu aliyokuwa akiipoteza kidogo kidogo na kuifanya siri. Jambo hili sikulielewa vizuri hadi niliporudi nyumbani na moyo wangu mwenyewe ulipoanza kwenda mbio usiku. Nitalieleza hilo mbele. Kwanza tuyatazame maisha yake.

Mtoto wa kiwandani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, Scotland. Familia yao ilikuwa maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba, kazi yake ikiwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine. Alianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku, kisha akaenda darasani.

Mwaka 1836 alianza kusomea udaktari mjini Glasgow, na mwishoni mwa mwaka 1840 alifuzu. Mwaka uliofuata alikuwa tayari Afrika Kusini akiwa mmisionari na daktari. Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa ule haukuunga vizuri, nao utarudi tena katika habari hizi.

Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa mmisionari mwenzake. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda, pwani ya magharibi, hadi Quelimane, pwani ya mashariki. Alipofika Luanda Mei 1854 alikuwa amebaki mifupa kwa sababu ya homa na kuhara damu. Huo ulikuwa mwanzo wa ugomvi wake na tumbo, ambao haukwisha.

Kama daktari, alikuwa mbele ya wenzake wengi wa wakati ule. Alitumia kwinini kutibu homa wakati wasafiri wengi walikuwa wakifa bila dawa. Hata hivyo, vidonge alivyotengeneza vilichanganya kwinini na dawa kali za kuharisha, mojawapo ikiwa na zebaki ndani yake. Madaktari wa zama hizo waliamini kuwa homa hutoka mwilini kwa kusafisha tumbo. Hivyo tumbo lililokwisha kuchoka lilizidi kuchoshwa na tiba.

Siri aliyorudi nayo

Safari yake ya pili kubwa, ya Mto Zambezi kuanzia mwaka 1858, ilimwendea vibaya. Mkewe Mary alifariki kwa homa mahali paitwapo Shupanga mwezi Aprili 1862. Serikali ya Uingereza iliivunja safari hiyo, na mwaka 1864 Livingstone akarudi kwao akiwa na huzuni na ugonjwa aliouonea haya.

Ugonjwa huo ulikuwa bawasiri, yaani kuvimba kwa mishipa ya sehemu ya haja kubwa, na yake ilikuwa ikitoa damu. Akiwa Uingereza alishauriwa na daktari wa upasuaji afanyiwe operesheni. Alikataa. Sababu moja inayotajwa ni kwamba alikuwa mtu mashuhuri, na hakutaka habari za maungo yake ya siri zifike magazetini.

Ndugu msomaji, hapa ndipo naona maisha ya mtu huyu yalipogeuka. Alikuwa na nafasi, alikuwa na daktari na alikuwa nyumbani kwao. Aibu ilimzuia, pamoja na haraka ya safari nyingine.

Safari hiyo nyingine ilihusu mto wetu. Mwaka 1863 Speke na Grant walikuwa wamefika Gondokoro, ng'ambo ya mto, karibu na hapa Juba, wakidai kwamba Nile hutoka katika ziwa ambalo Speke alilipa jina la Victoria. Wataalamu wa jiografia London walibishana. Mwaka 1865 Livingstone aliombwa aende akamalize ubishi huo. Yeye aliamini kwamba chanzo kiko kusini zaidi ya pale alipofika Speke.

Sanduku la dawa

Januari 1866 alifika Unguja, na Machi akashuka Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania ya leo. Alikuwa na askari kutoka India, watu wa Komoro, vijana waliosomea India baada ya kuokolewa utumwani, na wenyeji wachache kutoka bara. Miongoni mwao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, majina ambayo yanastahili kukaririwa shuleni sawa na la bwana wao.

Kundi hilo lilipungua upesi. Askari walirudishwa pwani. Watu wa Komoro walitoroka na kueneza uvumi Unguja kwamba Livingstone ameuawa. Januari 1867 mpagazi mmoja alitoroka na mzigo ambao ndani yake lilikuwamo sanduku la dawa. Livingstone aliandika katika kumbukumbu zake kwamba tukio hilo lilikuwa kama kupewa hukumu ya kifo.

Kuanzia hapo aliugua bila kinga. Alikula mahindi makavu hadi meno yakalegea na mengine yakang'oka. Mtu asiye na meno hatafuni vizuri, na chakula kisichotafunwa hulitesa tumbo. Alipofika Ujiji Machi 1869 alikuwa amebebwa kitandani, kifua kikimbana. Waliomhudumia njiani ni wafanyabiashara Waarabu, watu wa biashara ile ile ya utumwa aliyoipiga vita maisha yake yote. Bidhaa zake zilizotumwa Ujiji alikuta nyingi zimeibwa.

Aliendelea hadi Manyema, Kongo ya leo, akiufuata Mto Lualaba ambao alitumaini kuwa ndio Nile. Huko vidonda vya miguu vilimlaza wiki nyingi, na tumbo la kuhara likawa linakwenda na kurudi. Julai 15, 1871, akiwa Nyangwe, alishuhudia watu wa wafanyabiashara wakiwamiminia risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni. Hakuweza kuendelea nao. Aligeuka kurudi Ujiji, mamia ya kilomita, akiharisha njia nzima.

Oktoba 1871 aliingia Ujiji na kukuta bidhaa zake zote zimeuzwa tena. Ndipo Novemba mwaka huo alipotokea Henry Morton Stanley wa gazeti la New York Herald. Shule nyingi hufundisha salamu yao tu. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu jambo lililofuata: chakula. Katika siku chache mzee aliyekuwa akila kidogo kwa shida alianza kula mara nne kwa siku, na nguvu zikamrudia. Wawili hao walifunga safari hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wakaona kwamba Mto Rusizi unaingia ziwani badala ya kutoka. Hivyo ziwa hilo halikuwa chanzo cha Nile kwa njia hiyo.

Machi 1872 Stanley alimsihi warudi wote Uingereza, akajitibu, akatengeneza meno, kisha arudi kumaliza kazi. Ilikuwa nafasi ya pili. Livingstone aliikataa kama alivyoikataa ya kwanza.

Damu aliyoiona salama

Agosti 1872 aliondoka Kwihara, karibu na Tabora, pamoja na wapagazi zaidi ya 50 waliotumwa na Stanley kutoka pwani. Hazikupita wiki nyingi tumbo likamshika tena, akakaa siku kadhaa bila kula. Mvua za Bangweulu zilipoanza, walitembea ndani ya maji hadi kiunoni, huku Livingstone akibebwa mabegani.

Damu ilizidi kumtoka. La kushangaza ni kwamba yeye, daktari mwenye cheti cha Glasgow, aliandika kuwa damu ile ni kinga kwake, kama mlango wa kutolea hatari, kwa kuwa ikitoka haoni homa. Aliyasema hayo mtu mwenye elimu. Basi tusimcheke mfanyabiashara wa Nimule au Kaya anayejifariji kwamba damu chooni ni joto la safari tu.

Kufikia Aprili 10, 1873 alikiri kwamba amepauka, hana damu, na ni dhaifu kwa sababu ya kutokwa damu nyingi tangu Machi 31. Aprili 21 alijaribu kupanda punda, akaanguka. Baada ya hapo vijana wake walimtengenezea machela ya miti, ambayo hata yeye katika maandishi yake aliiita kwa Kiswahili, kitanda.

Aprili 27 aliandika mara ya mwisho. Alisema amechoka kabisa, na kwamba wametumwa watu kutafuta mbuzi wa maziwa wa kununua. Mbuzi hawakupatikana. Walimpikia mtama uliotwangwa pamoja na karanga, akashindwa kuula. Mtu aliyevuka bara zima alikuwa anatafuta kikombe cha maziwa tu, kitu ambacho tumbo lake lingekubali.

Walimfikisha kijijini kwa Chitambo, wakamjengea kibanda. Usiku wa Aprili 30 alimuuliza Susi, kwa Kiswahili, ni siku ngapi kufika Luapula. Susi alikadiria siku tatu. Baadaye aliomba sanduku la dawa, akachagua ile dawa ya zebaki kwa shida kwa sababu macho yalikuwa hayaoni vizuri. Alfajiri ya Mei 1, 1873 vijana walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso ukiwa juu ya mto. Alikuwa ameshakufa.

Moyo chini ya mpundu

Susi, Chuma na wenzao wangeweza kumzika na kwenda zao. Badala yake waliamua kumpeleka pwani. Kijana aitwaye Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Unguja, aliupasua mwili ili uhifadhiwe. Waliona bonge la damu iliyoganda, ukubwa wa kiganja cha mtu, upande wa kushoto wa tumbo. Walitoa moyo na matumbo, wakavitia katika sanduku la bati na kuvizika chini ya mpundu. Jacob Wainwright alisoma sala za maziko na kuchonga jina kwenye mti.

Moyo na tumbo vya Livingstone vilizikwa kaburi moja. Kila nifundishapo somo hili husimama hapo kidogo.

Mwili ulitiwa chumvi na kukaushwa juani kwa wiki mbili. Waliubeba zaidi ya kilomita 1,500. Njiani baadhi ya watu walikataa maiti isipite katika nchi yao, hivyo waliufunga ukaonekana kama mtumba wa nguo. Wafanyabiashara wa mpakani wataielewa akili hiyo haraka kuliko profesa yeyote. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Uingereza, daktari aliutambua mwili kwa ule mfupa uliovunjwa na simba, na Aprili 18, 1874 ukazikwa katika kanisa la Westminster Abbey.

Na lile swali la Nile? Kati ya mwaka 1876 na 1877 Stanley aliufuata Lualaba hadi mwisho, akathibitisha kwamba ni Mto Kongo. Mto ambao Livingstone aliufia haukuwa wetu.

Tumbo linavyougusa moyo

Sasa nirudi kwangu. Miaka michache baada ya kurudi Juba, moyo wangu ulianza kudunda usiku hadi nausikia masikioni nikilala ubavu. Nilidhani ni hofu ya milio ya Julai 2016 iliyobaki mwilini. Wengi wetu tuliorudi hufikiri hivyo, na mara nyingine ni kweli. Jirani mmoja alitaja uchawi, mwingine akataja kahawa.

Nilipopata nafasi ya kumwona daktari, swali lake la tatu halikuhusu moyo. Aliniuliza rangi ya choo changu. Niliona haya, kwa sababu kwa wiki kadhaa kilikuwa cheusi kama lami, nami nilikuwa sijamwambia hata mke wangu. Kisha akauliza dawa ninazotumia. Kwa miezi nilikuwa nikinunua vidonge vya diklofenaki sokoni kwa ajili ya mgongo, na kuvimeza kabla ya kula.

Damu yangu ilipimwa ikawa gramu 7, wakati mwanamume anatakiwa awe na 13 au zaidi. Nilikuwa na kidonda cha tumbo kilichokuwa kikivuja damu. Niliacha vidonge vile, nikapewa dawa za kidonda na za kuongeza damu, na baada ya wiki kadhaa moyo ukatulia. Haukuwa na ugonjwa. Ulikuwa ukifanya kazi ya ziada.

Nilivyoelezwa ni hivi. Damu ndiyo inayobeba oksijeni mwilini. Ikipungua, moyo hauna njia ila kuizungusha haraka zaidi ile kidogo iliyobaki. Ndiyo sababu mtu mwenye upungufu wa damu huhema akipanda kilima kidogo na husikia mapigo akilala. Damu inaweza kupotea kwa vidonda vya tumbo, bawasiri, kichocho cha matumbo, au safura inayoletwa na minyoo wanaoingia kwa miguu iliyo peku.

Njia ya pili ni kuhara. Anayehara sana hupoteza maji na chumvi za mwili, ikiwamo potasiamu, ambayo moyo huihitaji ili upige kwa mpangilio. Ndiyo maana maji ya chumvi na sukari si dawa ya watoto pekee. Dereva wa lori aliyehara siku mbili kati ya Elegu na Juba anayahitaji pia.

Njia ya tatu ni nyepesi zaidi. Tumbo likijaa chakula au gesi husukuma juu kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na mishipa ya fahamu ya tumbo na moyo ina uhusiano. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mjerumani, Ludwig Roemheld, alieleza jambo hili kwa kirefu. Anayekula mlo mmoja mkubwa usiku baada ya kushinda njaa sokoni, kisha akalala papo hapo, anaweza kusikia moyo ukiruka. Kula kidogo kidogo na mapema humsaidia.

Lakini mtu asijipe jibu hilo la tatu mwenyewe. Moyo unaokwenda mbio pamoja na maumivu ya kifua, kuzimia, kuishiwa pumzi, au choo chenye damu au cheusi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, mzigo ubaki sokoni.

Mto uko pale pale

Wakati mwingine jioni nasimama ukingoni na kutazama ng'ambo, upande wa Gondokoro. Livingstone hakuwahi kuyaona maji haya. Alikuwa na umri wa miaka 60 alipofariki. Mara mbili aliambiwa ajitibu kwanza, na mara mbili alijibu kwamba safari haingoji.

Najua jibu hilo kwa sababu nalisikia kila wiki. Bei itapanda, mpaka utafungwa, mvua itakata barabara, kiwanja kitachukuliwa na mwingine. Yote ni kweli. Lakini mto haukuondoka mwaka 1865, na haujaondoka leo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Livingstone alificha ya kwake yasifike magazetini, na mwishowe yakaandikwa na dunia nzima. Mimi nimeyaandika ya kwangu hapa mwenyewe, nikiwa hai, ili msomaji mwenye moyo unaomdunda usiku akaulizwe na daktari swali lile nililoulizwa mimi, na ajibu bila kuona haya.